Sare ya Whitney Bado Inashonwa

Mama yeyote aliye na mtoto wa kazi isiyoeleweka, na asikilize yaliyompata Kavata wa viazi karai, asije naye akayavaa.

Kavata anakaangia viazi nyuma ya soko, Malindi, chini ya ukuta wa nyumba ya Mzee Abubakr, na kando ya karai lake pana benchi ambalo halijapata kupoa. Mwenye benchi ni Abubakr mwenyewe. Watu humwita Kadhi, kwa sababu hakuna jambo lililowahi kupita pale bila ya yeye kulitolea hukumu, hata likiwa halimhusu. Kushoto kwake hukaa Gitau, muuza kava za simu aliyeteremka kutoka Nyeri akiwa kijana, na jina lake la pale ni Taarifa. Kulia hukaa Fondo, aitwaye Bwana Misitu, kwa kuwa makaa yote yanayowaka mtaa ule ni yeye aliyeyaleta. Akiulizwa ameyatoa wapi hujibu "Magarini", kana kwamba wilaya nzima ya Magarini ni duka.

Alasiri moja Taarifa alifika na simu imetangulia mbele kuliko salamu.

"Sikizeni hii," akasema. "Kuna wasanii wamealikwa kuishi ndani ya mbuga ya taifa, ile ya msituni upande wa Gede. Wanapewa nyumba, wanapewa chakula, na posho juu yake. Kazi yao ni kutazama maumbile, halafu wachore."

"Halafu?" akauliza Kadhi.

"Halafu basi. Wachore."

Benchi likachemka. Fondo alitaka kujua kwa nini yeye, aliyezaliwa ukingoni mwa msitu huo huo na kuutazama tangu hajaota meno, hakuwahi kualikwa hata kwa uji. Taarifa akasema hata yeye amekaa kwa hiyo benchi mwaka nenda mwaka rudi akitazama maumbile ya Fondo, na kama kuna wa kulipwa fidia basi ni yeye. Kadhi akainua kidole wanyamaze, akauliza hao wasanii wanachora nini hasa, maana mti uko pale, mwenye macho si aende akauone.

Taarifa akasogeza habari kwa kidole gumba. "Huyu mmoja anachora panya."

"Panya?"

"Wanasema si panya, anaitwa sange. Ana pua ndefu kama mrija, na huku nyuma makalio yake ni rangi ya dhahabu. Anapatikana kwa huo msitu, kwingine ni shida kumwona. Sasa huyu dada analala kifudifudi kwa majani tangu asubuhi, akingoja apite."

Hapo kicheko kilichopanda kilimwamsha paka juu ya ukuta. Fondo alikiacha kiazi chake mdomoni bila kukitafuna. Kadhi alipopata pumzi alitoa hukumu yake: katika nchi ambayo vijana wana digrii na wanauza maji barabarani, kuna mtu amepewa nyumba na mshahara ili akae nyuma ya panya na penseli.

Simu ikazungushwa ili kila mtu aone picha. Ilipomfikia Kavata, kijiko cha karai kilimponyoka. Picha ilionyesha mtu amelala chini, kisogo tu ndicho kilichoonekana, amejifunga leso ya manjano kichwani. Kwenye pindo la leso palikuwa na tundu lililoungua. Tundu lile Kavata alikuwa amelitoboa mwenyewe, kwa mafuta ya karai lake.

"Ndiyo maana nashukuru binti yako Whitney yuko kule," Kadhi akamwambia Kavata, akimrudishia Taarifa simu. "Angalau kuna ofisa mmoja wa kuwachunga hawa wendawazimu."

Kavata akainama juu ya moto akajidai anaupuliza.

Hakuwa amekusudia uongo. Whitney alikuwa mapokezi katika nyumba moja ya wageni, akirudi kila jioni na kichwa kinamuuma na uso umekunjamana. Kisha siku moja akasema amechaguliwa akaishi mbugani miezi miwili, achore. Kavata hakuelewa. Alichoelewa ni kwamba mtoto anacheka, na kicheko kile hakuwa amekisikia nyumbani mwake tangu walipomzika baba yake. Kwa hiyo kijiwe kilipomuuliza msichana ameenda wapi, alijibu amepata kazi mbugani. Kazi gani? Ya kuangalia wanyama. Wamempa nyumba? Wamempa. Na chakula? Na chakula pia. Kadhi akahukumu kwamba mtu wa nyumba na chakula cha serikali ni ofisa, na Kavata hakukataa. Fondo akauliza kuhusu sare.

"Bado inashonwa," Kavata akajibu.

Hilo tu ndilo alilolitia chumvi. Lakini kwa neno lile moja, Whitney alikuwa amevikwa kofia na mkanda, na kijiwe kizima kikawa na mtoto serikalini.

Sasa Kadhi alikuwa na jambo. Mpwa wake Raiya alikuwa akiolewa, wageni wamejaa nyumba nzima kutoka Lamu na Mombasa, na vijana walitaka kupiga picha za harusi msituni. Mahmood, kaka wa bwana harusi, alikuwa ameshakodi gari la kesho asubuhi.

"Langoni watasema wametoka kwa Ofisa Whitney," akaeleza Kadhi. "Wafunguliwe, waingie. Watu wa nyumbani hawakatiwi tikiti."

Kavata akageuza viazi ambavyo alishavigeuza. Whitney alikuwa amempigia simu wiki hiyo hiyo kumwonya: mtu yeyote asije kule kwa jina langu, mama. Msanii mwenzao alikuwa amewapitisha rafiki zake bila ruhusa, na kesho yake alikuwa amefungishwa virago. Gari la Mahmood likifika pale langoni likilitaja jina hilo, jioni yake Whitney atakuwa amesimama tena mapokezi, na uso wake wa zamani.

"Kesho hayuko," akasema Kavata.

"Yuko wapi?"

"Ameitwa mkutano."

"Kilifi?"

Angesema Kilifi ingekuwa salama, lakini aliona Kilifi ni karibu, wangeweza kusubiri arudi. "Nairobi," akasema.

Taarifa akapiga mluzi. Kuitwa Nairobi si jambo la ofisa wa kawaida, akasema, hao ni watu wakubwa. Akauliza kama anakwenda kwa basi. Kavata akafikiria mwanawe kwenye basi usiku kucha, na ingawa safari yenyewe haikuwepo, roho ya mama haikukubali. Akasema ni kwa ndege.

"Mkubwa wa kanda," akahukumu Kadhi.

Taarifa papo hapo akaomba mpwa wake Maina afikiriwe udereva, kwani mkubwa wa kanda hawezi kujiendesha. Fondo, ambaye tangu habari za ndege zianze alikuwa ameacha kula, akauliza kwa upole kama mkubwa wa kanda hujishughulisha na mambo madogo madogo, kwa mfano makaa, au hayo huachiwa wa chini. Kavata akasema hajui. Fondo akasema anauliza tu.

"Basi ni heri zaidi," akamaliza Kadhi. "Mkubwa akiwa hayupo, jina lake lina nguvu zaidi. Askari gani atathubutu kumpigia simu akiwa mkutanoni? Mahmood akilitaja tu, lango limefunguka."

Kavata akaona kwamba kila akichimba apate pa kutokea, shimo ndilo linaloongezeka. Alifungua mdomo aseme Whitney ameacha kazi, au ameugua, au ameokoka na hataki tena mambo ya dunia. Lolote. Hakuwahi, kwani tuktuk ilisimama mbele ya karai, akashuka mtu.

Alikuwa na majani makavu kwenye nywele. Magoti yake yalikuwa na udongo mwekundu, vidole vyeusi hadi kwenye vifundo, na kwapani amebana mkoba mpana wa karatasi. Leso ya manjano alikuwa ameifunga kiunoni.

"Shikamoo Mzee Abubakr," akasema Whitney. "Shikamooni wazee."

 Kadhi alisimama, jambo ambalo hakuwa akilifanya hata kwa wakwe zake, akaitikia marahaba akiwa amebana sauti. Walimtazama kuanzia miguuni hadi kwenye majani ya nywele, wakatafuta sare wasiione.

Whitney alimkumbatia mama yake, akainama moja kwa moja kwenye gunia la makaa lililokuwa kando ya jiko. Akachukua kipande, akakivunja, akakinusa. Akakipitisha kiganjani mwake, ukaachika mstari mweusi. Akachukua kingine, akafanya vile vile, akaweka hiki huku na kile kule.

"Haya makaa ni ya mti gani, mama?" akauliza. "Haya magumu. Ni mazuri sana, sijayaona kama haya. Anakuletea nani?"

 Macho ya Kavata yalikwenda upande wa kulia wa benchi, na ya Taarifa yakayafuata. Fondo alikuwa akitazama angani kana kwamba ameona ndege.

"Yametoka wapi?" Whitney akauliza tena.

"Magarini," akasema Fondo, kwa sauti ya mtu anayekula kiapo.

Whitney alivifunga vipande kwenye gazeti, kila aina mbali na nyingine, akaviweka mkobani. Jasho lilikuwa linamtiririka Fondo hadi shingoni. Na hapo Kavata alifikiri juu ya gari la Mahmood, akaamua. Aibu ya siku moja ni afadhali kuliko mtoto kurudi na uso ule.

"Wazee wangu," akasema, akipangusa mikono kwenye kanga, "Whitney si ofisa. Hajawahi kuwa ofisa. Mwanangu ni msanii. Yule wa kwenye simu, aliyelala majanini, ndiye huyu. Anachora panya."

"Sange," akasema Whitney.

"Anachora sange. Na nyumba na chakula ni za wasanii, na hakuna mkutano Nairobi, wala ndege, wala sare. Nawaomba msitaje jina lake langoni. Watamfukuza."

Kavata alingoja wacheke. Alikuwa tayari, alishajikaza. Lakini watu wote watatu walikuwa wanamtazama kwa heshima ya kutisha.

"Msanii," akasema Kadhi taratibu.

"Ndiyo, mzee," akasema Whitney. "Nachora kwa makaa. Kule mbugani hata kijiti haturuhusiwi kuchoma, ndiyo nimekuja kwa mama."

"Anakaa msituni," akasema Taarifa kana kwamba anasoma habari, "amejificha kwa majani, kutwa nzima, anatazama ni nani anapita. Halafu anakuja mjini kuchukua sampuli."

"Tumeelewa, mwanangu," Kadhi akasema, akimkonyeza Whitney jicho moja. "Msanii. Tumeelewa vizuri kabisa. Wala usijali, sisi hatujaona mtu hapa."

"Lakini ndivyo ilivyo," akasema Kavata.

"Ndivyo, Mama Whitney. Ndivyo hasa. Hata mimi ningekuwa na mtoto kachero ningesema ni msanii."

Whitney hakuelewa yanayopita. Alichokiona yeye ni sura tatu zenye mikunjo mizuri na mwanga wa alasiri umeziangukia. Akafungua mkoba, akatoa karatasi na kipande cha makaa.

"Msitikisike tafadhali," akawaambia. "Nataka kuchukua sura zenu. Nitaanza na huyu mzee wa kulia."

Fondo alijifunika uso kwa sahani ya viazi, ukwaju ukammwagikia shati. Akasema ameacha mbuzi, ingawa kila mtu alijua mbuzi wa mwisho aliuzwa Krismasi. Akaondoka hivyo hivyo na sahani ya Kavata usoni, akipapasa njia. Taarifa akakumbuka mteja. Kadhi, kwa kuwa benchi lilikuwa lake na ukuta ulikuwa wake, alijaribu kuondoka kwa hadhi, lakini kabla hajafika mlangoni alikuwa ameshatoa simu.

"Mahmood. Wapeleke wageni ufuoni. Nasema ufuoni. Harusi ni jambo la bahari. Na sitaki kulisikia neno msitu kwenye simu hii."

Mlango ukafungwa, komeo likalia.

Whitney alirudi mbugani jioni ile na makaa yake, akamaliza muda wake salama, asiguswe na mtu. Ila benchi la kando ya karai lilipoa. Siku iliyofuata hakuja mtu, na iliyofuata vile vile. Viazi vilikauka karaini. Alipoulizia, aliambiwa wazee wamehamia ng'ambo ya barabara kwa Idah wa mahamri, na kwamba siku hizi wanaongea kwa kunong'ona.

Akajifunga leso akavuka. Walipomwona anakuja, mazungumzo yalikatika, na kila mmoja akaanza kusifu serikali. Kavata alisimama mbele yao, akaapa kwa jina la marehemu mumewe, akalia kidogo, kisha akatoa simu. Mle ndani mlikuwa na mchoro ambao Whitney alikuwa ameumaliza ukasifiwa na kila mtu: sange mzima, pua yake ndefu, jicho linang'aa, makalio yakiwaka kama taa. Akawaonyesha mmoja mmoja. Huyu hapa, akasema. Hii ndiyo kazi ya mwanangu, tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna jingine.

Kadhi alitazama, akatikisa kichwa kwa huzuni. Taarifa alitazama, akasema ameelewa. Fondo aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama picha kwa muda mrefu kuliko wote, na uso ukamfifia rangi.

"Mama Whitney," akasema kwa sauti ya chini, "huyo nilimla nikiwa mtoto mdogo. Mwambie ofisa nilikuwa sijui kusoma, na nyama yenyewe tuligawana sita."