Watani Wanaoumia Bila Kibali

Kijiji cha Ujamaa Nampindo,
Njia ya Mahurunga,
Mtwara.
9 Agosti 1976

Ndugu Mganga Mkuu wa Wilaya,

Pokea kwanza salamu zangu za utii. Mimi ni mzima, isipokuwa heshima yangu, na hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Jina langu ni Mwanakombo Abdallah, mzaliwa wa Chuno, mhudumu wa huduma ya kwanza mwenye wiki saba kazini. Huenda unanikumbuka: ndimi yule niliyekuwa wa kwanza darasani kwa kufunga bendeji na wa mwisho kwa kuangalia damu. Ulinikabidhi mwenyewe sanduku la dawa, machela moja ya turubai na sare nyeupe, ukaniambia maisha ya watu yamo mikononi mwangu. Njia nzima ndani ya lori nilikuwa naitazama mikono hiyo. Nilijiona nimerefuka.

Hukuniambia, Ndugu, kwamba unanipeleka kwa watani. Ukoo wa baba yangu na koo za kijiji hiki zimetaniana tangu kabla Ruvuma haujawa mpaka. Desturi ni kwamba mtani akikutukana hukasiriki, akikuzuia njiani unatoa kitu, na hata kwenye msiba wenu anakuja kumwigiza marehemu nanyi mnacheka. Kwenye msiba sina neno. Malalamiko yangu yanahusu watu walio hai, nayo ni haya:

1. Siku ya kuripoti niliwakuta kina mama kumi na wanne wamelala barabarani wakiugulia. Nikadhani pameanguka gari. Nilipiga magoti, nikafunga vichwa vitatu na goti moja, bendeji za mwezi mzima zikaisha, ndipo Bibi Somoe, kiongozi wao, akaketi na kuniuliza kama huko mjini tunafundishwa na kupika. Wakacheka mpaka mmoja akapaliwa. Huyo nilimpiga mgongoni kwa haki kabisa.

2. Bendeji hizo hazijarudi. Mbiu ya shamba la kijiji ikipigwa asubuhi, Bibi Somoe anavaa yake kichwani na kusema amefungwa na Serikali, yeye hana mamlaka ya kuiondoa. Wenzake wanavaa zilizobaki kwa zamu. Mwenyekiti wa Kijiji ameniandikia onyo kwamba tangu niletwe mimi afya ya wananchi imezorota na palizi ya mihogo imesimama.

3. Hili naliandika kwa aibu. Babu Domingo alianguka kutoka kwenye mkorosho alipokuwa akikata tawi kavu, akavunjika mguu. Ndiye mgonjwa wangu wa kwanza wa kweli. Nilikumbuka mafunzo, nikamuuliza jina lake ili nijue kama ana fahamu. Akajibu, “Marehemu.” Nikaandika. Kwa hiyo ile taarifa iliyokufikia, yenye maneno “Jina la mgonjwa: Marehemu. Hali: anaendelea vizuri,” haina kosa la karani.

Kwa kuwa yeye ndiye aliyeanza utani, nikajua nacheza na nani. Nilipokuwa nafunga vibao mguu wa kushoto alipiga kelele, “Mjukuu wangu, huo mzima!” Nikacheka. Akasema, “Haki ya Mungu, uliovunjika ni huu mwingine!” Nikacheka zaidi, nikakaza. Akatokwa na machozi, nikamsifu kwa kuigiza. Ni tabibu wa zahanati aliyenieleza ukweli, mbele ya watu, na nilikwenda nyuma ya jengo nikalia mpaka sare ikalowa. Aliyetuma mtu kunibembeleza ni Babu Domingo mwenyewe. Alisema nisihuzunike, maana mguu wake mzima haujawahi kuwa imara kiasi kile.

4. Njiani kwenda huko zahanati watani walitufungia njia kwa kamba mara nne, wakidai kuku ndipo machela ipite. Mara ya tatu aliyekuwa anapatana nao ni mgonjwa, tena kwa upande wao.

Ndugu Mganga Mkuu, nacheka ninapoandika, lakini usiku huu wa mawazo ni wangu peke yangu: naogopa. Sijui tena mlio wa maumivu ukoje. Kazi hii naipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa, na naona siku inakuja ambapo mtu atakufa mbele yangu huku namsifu kwa kuigiza.

Kwa unyenyekevu, basi, naomba utoe waraka wenye maagizo haya. Kwanza, utani usimame tangu mtu anapoumia hadi anapopona. Pili, anayekusudia kuumia atoe taarifa kwa Mwenyekiti siku tatu kabla, apewe barua yenye muhuri kuthibitisha kwamba anaumwa kweli, nakala moja kwangu na moja kwenye jalada. Tatu, anayelia kwa maumivu apumzike kila baada ya kilio ili nipate kuhakiki. Kama hayo yana ugumu, nihamishie mahali ambapo sina mtani hata mmoja. Nisipopata jibu kwa siku kumi na nne, nitarudisha sare na kwenda Chuno kumsaidia shangazi kuchoma vitumbua.

Nisalimie ofisi nzima: karani wa dawa, mama anayechemsha sindano, na dereva wa lori. Babu Domingo naye anakusalimu, na anasema miguu yote miwili inaendelea vizuri.

Wako katika kulijenga Taifa, likikubali kutulia nikilifunga,
Mwanakombo Abdallah

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha walipokuja watu sita kutoka upande wa mtoni. Hakuna aliyenitukana, na hapo hapo nikachukua sanduku la dawa. Walisema Zulmira, mke wa Saide, yuko kwenye uchungu tangu jana na mtoto hatoki. Hao sita, watani wake wenyewe, ndio waliobeba machela. Hakuna aliyefunga kamba. Watu walisogea pembeni ya njia wakavua kofia. Kwa saa mbili nilisikia nyayo zao na pumzi za mama huyo, basi. Sijawahi kusikia kijiji hiki kimenyamaza, nami sitaki kukisikia tena. Sikuhitaji muhuri wa mtu kujua kwamba anaumia kweli.

Hatujaifikia zahanati, mtoto akaanza kuja. Tukateremsha machela chini, na kila nilichosoma kikanitoka kichwani. Zulmira akafumbua macho, akanitazama, akasema, “Mtani, mbona unatetemeka? Nazaa mimi au unazaa wewe?” Wote sita wakaangua kicheko, nami pia, na ndipo nilipojua ataishi.

Mtoto ni wa kike. Watani wameshamkagua, wanasema masikio hayo atayazoea. Tafadhali, ule waraka usiuandike.