Bwawa Lisilohitaji Kazi

Bwawa la Bwana Hallett halikuhitaji kazi, na kwa sababu hiyo Wepukhulu alipewa siku saba ahame.

Ilani ilipigiliwa misumari kwenye mti chini ya bustani, ng'ambo ya mto Sosiani, Februari mwaka 1937. Kimutai karani aliisoma kwa sauti, kofia mkononi. Ofisi ya Maji ya Mapambo, Kituo cha Eldoret, ilikuwa na furaha kuutangazia umma kwamba imekamilisha bwawa la kwanza la kisasa katika nyanda hizi zote. Lilikuwa bwawa la viumbe wa porini. Lingejitunza lenyewe. Halingepaliliwa, halingezolewa tope, wala halingeguswa na mkono wa mtu. Vyura wangekuja kwa hiari yao.

Umma uliokuwapo ni Wepukhulu, mkewe Namalwa, na kuku wao wanne.

Halafu Kimutai akafika kwenye vifungu. Cha kwanza kilikataza mtu yeyote kuyagusa matete, tope au maji ya bwawa, na adhabu yake ni miezi mitatu jela. Cha pili kilikataza mtu yeyote kuishi, kuwasha moto au kupanda chochote ndani ya futi mia mbili kutoka ukingo wa maji, "popote pale ukingo huo utakapokuwa." Maneno hayo ya mwisho Bwana Hallett, mkuu wa ofisi hiyo, aliyaongeza kwa mkono wake, kwa kuwa aliona kifungu kifupi hakina heshima.

"Nyumba yangu iko futi ngapi?" Wepukhulu aliuliza.

"Mia moja thelathini."

"Na ya Bwana?"

"Mia mbili thelathini."

"Alipima lini?"

"Kabla hujachimba, mzee."

Wepukhulu ndiye aliyelichimba. Yeye na wanaume kumi na mmoja walipiga jembe wiki tisa, wakapandisha tuta upande wa chini na kuacha mfereji mmoja wa kutolea maji. Siku ya kumaliza alimwambia Bwana kwamba mfereji ule ni mwembamba, na mvua za hapa zikianza matete yataujaza, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuuzibua kila wiki. Bwana Hallett alimfungulia kitabu kutoka kwao Uingereza, akamwonyesha picha ya bwawa na bata wawili, na hakuna mtu hata mmoja pembeni. Wepukhulu aliitazama vizuri. Mvua iliyokuwa kwenye picha ile isingelowesha hata shati.

Namalwa aliisikiliza ilani hadi mwisho. Maharagwe yake yalikuwa yameanza kutoa maua, na yote yalikuwa ndani ya mpaka.

"Baba Nekesa," akasema, "hao vyura wana kipande cha kazi?"

"Bado."

"Basi tunafukuzwa na watu wasio na kipande."

Walihama. Wepukhulu aling'oa nguzo zake kumi na mbili, nusu zikavunjika kwa mchwa. Akapima kwa kamba ya ofisi, Kimutai akiishika upande wa pili, na akajenga upya upande wa chini kwa futi mia mbili na sita. Zile sita za ziada zilikuwa za usalama. Kazi ya kutunza waridi za Bwana kule juu alibaki nayo, kwa sababu waridi hazikuwa za kisasa.

Kwa kuwa bwawa halikuhitaji kazi, ofisi iliajiri askari watatu wa kuhakikisha kwamba hakuna anayeifanya. Walilinda kwa zamu. Kila jioni mmoja alitia saini kwamba leo hakuna kazi iliyofanyika, Kimutai akaipiga chapa ripoti nakala nne, na ripoti ikapelekwa Nairobi kwa garimoshi. Nairobi ilifurahi sana. Haikuwahi kupata ofisi yenye uhakika kiasi hicho kuhusu kutofanya kazi. Bwana Mkubwa wa mabwawa yote akaandika kwamba atakuja mwenyewe mwezi wa Juni kujionea.

Mvua zilianza Aprili. Na kusema kweli bwawa lilipendeza. Vyura walikuja, wakaja na jamaa zao. Bata mwitu wakatua, kereng'ende wakatanda juu ya maji, na korongo wawili wenye taji wakawa wanatembea pale kama wakaguzi. Matete nayo yakakua, yakaingia kwenye mfereji na kuuziba kama kizibo cha chupa. Upande wa chini tuta lilishikilia. Maji yakawa hayana njia ila kupanda polepole kuelekea juu, kwa Bwana Hallett.

Mwishoni mwa Mei Bwana alitoka kwenye veranda, akapima kwa macho, kisha akapima tena kwa kamba. Akamwita Wepukhulu.

"Wewe ingia maji. Toa hii majani yote."

Wepukhulu alivua kofia. Alijua akikataa atafutwa kazi na kipande chake kitaandikwa maneno ya kumfungia kila mlango kuanzia hapa hadi Kitale. Alijua pia kwamba akikubali, wale askari watatu watafanya walichoajiriwa kufanya.

"Bwana, nitaingia sasa hivi. Niandikie karatasi ya ruhusa tu."

"Karatasi ya nini? Mimi iko nasema."

"Askari hawasikii, Bwana. Wanasoma. Bwana ndiye aliyewafundisha."

Bwana Hallett alitoa kalamu. Akiandika ruhusa, nakala itakwenda Nairobi, na Nairobi itajua kwamba bwawa lisilohitaji kazi linahitaji kazi. Akairudisha kalamu mfukoni.

"Kwenda kata waridi," akasema.

Siku tatu baadaye, alfajiri, aliingia mwenyewe. Alikunja suruali, lakini maji hayakuiheshimu. Wepukhulu akiwa kwenye waridi alimwona amezama hadi kiunoni, amekumbatia matete, na askari watatu wamesimama ukingoni wakiwa wamenyoosha migongo, hawajui waandike nini. Hapo ndipo gari la stesheni lilipopanda mlima. Bwana Mkubwa alikuwa amewahi siku moja.

Hakupandisha sauti. Aliuliza kama huyu aliye majini ni kibarua. Kimutai akamjibu kwa adabu zote kwamba ni mkuu wa kituo. Bwana Mkubwa akaomba ilani, akaisoma yote, akasifu hasa yale maneno ya mwisho ya kifungu cha pili, kisha akaagiza kamba. Wepukhulu aliishika upande wa maji. Veranda ilikuwa futi mia moja themanini na nane.

Bwana Hallett alieleza kwamba sheria ile aliitunga yeye. Bwana Mkubwa alikubali, akasema ndiyo maana itakuwa aibu kubwa aivunje yeye. Jela alimsamehe kwa kuwa maji yalikuwa baridi. Alimpa siku saba.

Nyumba nyingine ya serikali haikuwapo mjini mwaka ule. Mahali pekee palipokuwa tambarare, pakavu, na nje ya mpaka, ni kando ya nyumba mpya ya Wepukhulu. Bwana Hallett akapiga hema pale. Jioni ya kwanza alilalamika kuhusu moshi. Namalwa alimwambia moshi wake una ruhusa, uko futi mia mbili na sita, kisha akamsogezea kikombe cha chai.

Gharama zilikuwa hizi. Bwana Hallett alipoteza nyumba ya mawe yenye vyumba vinane, piano moja iliyoingiwa na vyura, na cheo kimoja. Alikaa hemani miezi mitano na nusu. Wanaume kumi na wawili walitoa wiki tisa za jembe. Wepukhulu alipoteza nyumba moja ya udongo, nguzo sita, na siku nane za kujenga. Namalwa alipoteza madebe mawili ya maharagwe, na mwaka ule watoto walikula ugali na mboga ya porini hadi Septemba.