Amri Yangu ya Maandishi Makubwa

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Jumamosi mafundi wanaboresha mfumo wa kompyuta za kiwanda. Toleo jipya litafuta vitu vyote vya mfumo wa zamani na kuweka vyake. Na amri ya kuchapisha ni ya mfumo, mimi niliichezea tu ili kila karatasi itoke kwa maandishi makubwa. Bosi haoni vizuri na miwani hataki. Ndiyo maana nakaa chumba chenye kiyoyozi, sikai stoo. Amri ikienda, na mimi nimekwenda.

Jumanne, 4 Machi
Shemeji, mdogo wake mke wangu, anakaa meza ya pili. Eti nihamishie nakala ya amri kwenye folda yangu, kwa jina langu, kwa kuwa mfumo mpya haugusi vya watu. Nikamwuliza nani kamwomba ushauri. Akasema haya, shauri yangu. Huyu anakimezea mate kiti changu!

Alhamisi, 6 Machi
Mimi ni kiboko! Nakala zote nimezificha ndani ya folda ya mfumo wenyewe, kwa majina ya kimfumo. Mfumo mpya utadhani ni ndugu zake. Iliyokuwa kwangu nimeifuta, Shemeji asije akaiiba.

Jumamosi, 8 Machi
Mfumo mpya umefuta ndugu zake wote. Haukuuliza hata mtu. Nimetokwa jasho mbele ya kiyoyozi.

Jumatatu, 10 Machi
Maandishi kama sisimizi. Bosi kaisogeza karatasi, kairudisha, kaipeleka dirishani. Nikamwambia huo ndio mtindo wa kisasa. Akasaini kishujaa. Mchana ikajulikana karuhusu walinzi wote waende likizo pamoja. Nimeambiwa nihamie stoo.

Jumanne, 11 Machi
Kumbe Shemeji alinakili amri yangu kwake tangu wiki iliyopita! Kairudisha, bosi anasoma, na kiti kapewa yeye. Nasikia ndiye aliyeniombea nisifukuzwe. Mke wangu ananitaka nimshukuru. Nimshukuru mwizi? Roho imeniuma mno.

Ijumaa, 14 Machi
Stoo. Misumari, vumbi, joto. Kuna kompyuta moja, na tayari nimeichezea: haitoi hata orodha ya makomeo mpaka niitwe mimi. Mafundi wanakuja kuiboresha Jumatatu. Shemeji kapiga simu, kwa upole wake ule, kuuliza kama nimeweka nakala pembeni. Nikamwambia asijisumbue, kosa langu nimeshalijua. Yale majina hayakufanana na ya mfumo vya kutosha.