Hoja Kumi na Nne za Baba wa Jumamosi

Jumatatu, tarehe 9 Juni
Karani wa masijala ya mahakama ametoa amri. Hoja za maandishi za rufaa yangu zimfikie Ijumaa kabla ya saa tisa alasiri. Kurasa zisizidi kumi. Mimi tayari ninazo thelathini na moja, na bado namsalimia Jaji.

Kwa kumbukumbu: mahakama ya chini imempa mtalaka wangu malezi ya binti yetu wa miaka tisa. Mimi nimepewa Jumamosi, na Alhamisi kumtoa shuleni na kumfikisha kwa mama yake. Baba wa Jumamosi! Hakimu aliandika kwamba nina upendo mwingi na utaratibu mdogo. La kwanza nimelikubali. La pili ndilo ninalolikatia rufaa.

Wakili nimemwacha. Ushauri wake wote ulikuwa maneno mawili: wahi, nyamaza. Huo ni wa kumpa mtoto, si mteja.

Dada yangu amepita kwenye karakana yangu ya friji. Amesoma ukurasa mmoja, akauliza kama “unyenyekevu uliotukuka” ni ugonjwa.

Jumanne, tarehe 10 Juni
Shemeji amekuja! Kaka wa mtalaka wangu, mwalimu wa lugha. Siku ya harusi alinisahihisha ngeli nikiwa nimeshika maikrofoni. Leo amejifanya anaulizia kompresa ya friji ya mama yake. Macho yote kwenye karatasi zangu.

Nikamuuliza kijuujuu hoja za dada yake zina kurasa ngapi. Nne, akasema, akaenda zake.

Nne! Mtu wa kurasa nne ana jambo. Wanajua nini? Ile Alhamisi ya Machi? Nilichelewa saa moja tu. Ile ya Aprili haihesabiki, kulikuwa na mvua. Nimefunga skrubu ileile mara tatu.

Uamuzi: rasimu isikae tena mezani. Nimeificha kwenye friji kubwa nyeupe ya mwenye saluni, droo ya mboga. Iko pembeni miezi minane, haiponi. Nani atafungua friji iliyokufa? Shemeji hawezi kulifikiria hilo. Amesoma mno.

Jumatano, tarehe 11 Juni
Hoja ya tisa imekamilika: utaratibu wangu. Kila ninapokwama naweka neno kwenye mabano, la kujikumbusha mwenyewe. Ndivyo wanavyofanya mawakili wakubwa.

Kama kielelezo nimechora ratiba ya kumchukua mtoto na kuijaza miezi mitatu nyuma, kwa kalamu tofautitofauti. Dada amesema hiyo inaitwa kughushi. Nimesema inaitwa kumbukumbu. Akanyoosha kidole: tarehe 31 Aprili nilimchukua mtoto saa tisa kamili. Aprili haina tarehe hiyo.

Kielelezo kimeondolewa.

Alhamisi, tarehe 12 Juni
Friji imeondoka!

Nilitoka kidogo kuulizia bei ya faili. Mwenye saluni akaja na mkokoteni, amechoka kusubiri. Jirani yangu, fundi wa kuchomelea, akamfungulia na kumsaidia kupakia. Ameipeleka kwa yule fundi mpya wa ng’ambo ya soko. Kwa mpinzani wangu! Pamoja na rufaa yangu!

Nimekimbia. Nikamkuta fundi huyo ameilaza chali, anaiosha kwa mpira wa maji. Droo imejaa pomoni.

Mwenye saluni alinionea huruma, akanipeleka saluni kwake. Tukakausha ukurasa mmoja mmoja kwa mashine yake ya nywele. Wateja watatu wakasoma huku wakisukwa. Mmoja akasema hoja ya nne inamchosha. Mwingine akaniuliza ni saa ngapi.

Saa kumi na dakika arobaini. Shule hufunga saa tisa.

Binti yangu alikuwa kwenye ngazi za ofisi, begi mapajani, peke yake na mlinzi. Hakulia. Afadhali angelia. Akaniambia, “Nilimwambia mlinzi utakuja tu, baba. Huwa unakuja.”

Njiani nikamwomba tusimsumbue mama kwa jambo dogo kama hili. Akasema mama ameshapigiwa simu na shule.

Nilikuwa nakausha hoja ya tisa. Nimeandika hili ili nione linavyoonekana. Linaonekana vibaya.

Ijumaa, tarehe 13 Juni
Mchapaji wa duka la steshenari amelalamika kwamba wino umechuruzika. Nikamwambia achape kila anachokiona, asiniulize, na apunguze herufi mpaka zienee kurasa kumi. Zimeenea. Herufi kama mbegu za mchicha.

Masijala, saa tisa kasoro dakika tatu. Muhuri! Karani ametoa kioo cha kukuzia, akanitazama mimi badala ya karatasi.

Jioni nimesoma nakala yangu. Mama yangu! Amechapa mpaka mabano!

“Mrufani ni mtu wa utaratibu usiotiliwa shaka (tafuta namna ya kulisema hili bila kucheka).” “Mrufani hajawahi kuchelewa shuleni (isipokuwa mara sita, usitaje).”

Nimelala kifudifudi sakafuni. Dada amenivuka kwenda kuchukua chumvi.

Jumatatu, tarehe 16 Juni
Nimemsihi Karani anirudishie. Haiwezekani, nakala imeshapelekwa upande wa pili. Nimemuuliza kama mrufani akiugua ghafla kesi huahirishwa. Akauliza ugonjwa gani. Sikuwa nimejiandaa.

Ujumbe kutoka kwa Shemeji: mabano yote yamefungwa ipasavyo, hongera. Mshenzi.

Jumatano, tarehe 25 Juni
Siku yenyewe. Chumba kidogo, feni inakwaruza. Jaji ni mama mtu mzima, miwani puani, nyingine kichwani. Akauliza kama yaliyo kwenye mabano ni sehemu ya hoja. Nikajibu kwa unyenyekevu uliotukuka kwamba ni, na si.

Akasoma kimyakimya. Alipofika hoja ya kumi na mbili akasimama, akaisoma kwa sauti, polepole: “Mrufani anastahili muda zaidi na mtoto (Jumapili nyumba inanyamaza mno. Nawasha friji mbovu ili kitu kingurume. Usiandike hili, aibu).”

Hakuna aliyecheka. Shemeji akaanza kufuta miwani. Mtalaka wangu akainamia mikono yake.

Jaji akatutoa nje tukazungumze, mimi na mtalaka wangu tu. Tukakaa kwenye benchi la korido. Akaniuliza, “Kwa nini hukuniambia hivyo tangu mwanzo?” Nikamwambia nilikuwa na hoja kumi na nne. Akasema anajua, amezisoma, macho bado yanamuuma. Kisha akasema kila Jumatano mtoto alale kwangu, kwa majaribio, mpaka mwisho wa muhula. Nikichelewa hata mara moja, basi.

Tukasaini. Jaji akaliandika liwe amri. Nimelia chooni, bomba likiwa wazi ili nisisikike.

Jumapili, tarehe 6 Julai
Jumatano ya kwanza imepita salama. Nilifika shuleni saa nne asubuhi. Mlinzi alinihoji mara mbili.

Nimetafakari sana kilichotupa ushindi. Ni hoja ya kumi na nne, “misingi asilia ya haki”. Ile niliichonga! Dada anasema ni mabano. Dada hajui sheria.

Sasa kuna jipya. Mwalimu wa muziki amemhamishia binti yangu safu ya nyuma ya kwaya, eti anaimba kwa nguvu mno. Safu ya nyuma! Bila kusikilizwa! Bila sababu za maandishi!

Binti amenisihi, kanishika mikono yote miwili, nisimwandikie Mwalimu Mkuu chochote. Anasema anaipenda safu ya nyuma, ndiko aliko rafiki yake. Nimemwahidi.

Niko ukurasa wa kumi na saba.