Kondoo Aliyejulikana kwa Mkono

Jumatatu, 3 Machi

Najuta tayari, na ni asubuhi tu. Jana, mbele ya ukoo mzima wa mke wangu, nilifungua mdomo. Mama mkwe anakwenda kupasuliwa macho, ana mtoto wa jicho, na atakaa kwa binti yake mkubwa hadi apone. Akauliza nani atamtazamia kondoo wake. Shemeji, kaka wa mke wangu, ambaye tumepakana naye uzio, alikuwa bado anatafuna. Nikadakia. Nikasema niachiwe mimi. Hapo ningenyamaza ningebaki na heshima yangu. Lakini wapi! Nikaongeza kwamba akirudi hatawatambua kwa unene.

Mama alicheka. Akasema kweli hatawatambua, maana hajawahi kuwaona vizuri. Hasa Mpole, jike anayempenda kuliko wote. Mpole alizaliwa macho ya mama yakiwa yameshaingia ukungu, amemlea kwa kumpapasa. Sasa ana mtoto anayenyonya. Mama akasema bandeji zikitoka, baada ya wajukuu, anataka kumwona Mpole. Badala ya kulia nikaahidi unene mara ya pili.

Jumatano, 5 Machi

Tatizo: kiangazi. Nyasi zimekauka, kondoo wanatafuna kutwa na mbavu zinahesabika. Wa shemeji wanang'aa! Wanakula nyasi hizi hizi!

Nimechungulia juu ya uzio. Shemeji alikuwa ananyunyizia nyasi kavu maji ya kwenye ndoo, akazishindilia, akazifunika turubai. Pembeni mfuko wa yurea. Mbolea ya mahindi! Nikajua akili zimemruka, na nakiri nilifurahi kidogo. Akaniona. Akaniita kwa upole nije anielekeze. Nikamwambia natafuta shuka lililopeperushwa na upepo. Hatukufua leo. Yeye anajua, kamba yetu anaiona.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemfuata bwana mifugo ofisini. Kumbe shemeji si mwendawazimu. Imeniuma.

Bwana mifugo amenieleza kwamba kondoo si kama sisi. Tumbo lake kubwa la kwanza limejaa vijidudu. Vijidudu hivyo vinaila yurea, vinaongezeka, kisha kondoo anavimeng'enya vyenyewe, na hiyo ndiyo protini yake. Maana yake kondoo naye ni mfugaji! Nimekaa nimeduwaa.

Akatoa tahadhari nyingi. Ianze kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Iende na molasi na pumba, vijidudu vipate nguvu ya kufanya kazi. Asipewe mwenye njaa. Na isiyeyuke kwenye maji wakainywa, itageuka sumu. Njia rahisi ni tofali la kulamba: molasi, pumba, chumvi, yurea kidogo, na saruji ya kushikiza liwe gumu, walilambe taratibu. Nilitikisa kichwa kukubali kila neno. Sasa nikikaa nakumbuka zaidi kule kutikisa kichwa kuliko maneno yenyewe.

Jumamosi, 8 Machi

Tofali limenishinda. Saruji nilipunguza, nani anataka kula nyumba? Yurea nikaongeza, kwa sababu shemeji ametangulia na mimi sina wiki kadhaa. Halikuganda. Mke wangu akauliza nimempikia nani uji.

Nikaumimina kwenye beseni kubwa la mama mkwe, lile la maua alilopewa siku ya harusi yake. Mke wangu akasema siku mama akijua, yeye hayumo. Bwana mifugo alipita jioni, akaubonyeza kwa kidole, akakunja uso. Kiasi cha yurea hakuuliza, nami sikukitaja. Akasema kama ni lazima nitumie beseni basi nilitoboe chini na nilijengee kipaa, mvua isije ikatuama humo.

Nitoboe beseni la harusi la mama mkwe? Apone macho halafu aone matundu? Nimemwambia nitatoboa. Kipaa nitajenga wiki ijayo. Kwa jua hili, mvua itoke wapi.

Jumatatu, 10 Machi

Wanalamba! Mpole ndiye mlafi wao, anawasukuma wenzake kwa bega. Nimempima mgongo kwa macho asubuhi na jioni. Nahisi amejaa. Mke wangu anasema ni manyoya.

Mama amepiga simu. Upasuaji umekwenda salama, bandeji bado. Nikaanza kumsifia Mpole, akanikatiza. Akasema nisimwambie lolote, nimwache amwone mwenyewe.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Asubuhi nilisimama mlangoni nikimshukuru Mungu kwa nyasi. Nimesimama muda mrefu, nimefurahi kama mjinga. Kisha nikakumbuka beseni.

Lilikuwa limejaa pomoni. Mpole alishakunywa, wenzake amewazuia kama kawaida yake. Midomo ilikuwa inatetemeka, povu linamtoka, ubavu wa kushoto umevimba. Akaanguka mbele yangu. Nikampigia bwana mifugo. Akasema siki, na maji baridi mengi, sasa hivi, yeye anakuja.

Hatuna siki. Mke wangu akasema kaka yake anayo chupa bandani, anaiweka kwa ajili ya hatari hii hii, niruke uzio. Nami nikaganda. Niliuona akilini uso wa shemeji akinicheka. Nikasema nakimbilia dukani. Na nilikimbia kweli, Mungu ananijua, nimepoteza kiatu kwenye tope. Duka lilikuwa limefungwa kwa sababu ya mvua.

Niliporudi shemeji alikuwa amepiga magoti zizini, ameloa, chupa tupu mkononi. Mke wangu alikuwa amemwita mwenyewe, alipoona nimeshapotelea barabarani. Walichelewa. Mpole alikuwa ameshakufa. Bwana mifugo alipofika nikamwuliza kama siki ingewahi ingemsaidia. Akasema huenda, akaanza kufunga mkoba wake. Shemeji hakunicheka wala hakunilaumu. Laiti angenicheka.

Beseni ni zima. Halina hata mchubuko.

Ijumaa, 14 Machi

Majuto ni mjukuu, wanasema. Kwangu wamekuja mapacha na wamehamia kabisa. Mwanakondoo analia kutwa. Shemeji ameleta chupa ya kumnyonyeshea, akaiweka juu ya nguzo ya uzio, akaondoka bila neno. Namnyonyesha na kumwomba msamaha, anameza vyote viwili.

Najuta kuhusu beseni. Najuta kuhusu duka. Zaidi ya yote najuta ile simu, mama aliposema nimwache amwone mwenyewe.

Jumanne, 18 Machi

Nimepata wazo. Mama hajawahi kumwona Mpole! Hata mara moja! Kwa hiyo kondoo yeyote mweupe, mnene, mtaratibu, ni Mpole.

Nimemleta mmoja kutoka mnadani, mzuri ajabu. Mke wangu amesema hata hafanani. Nimemwambia mweupe ni mweupe. Akasema yeye hatasema uongo, ila hataulizwa pia, kwa sababu atakuwa jikoni. Nikamwomba shemeji kupitia kwake anyamaze. Shemeji amejibu kwamba hii aibu ni ya kwangu, nijisitiri mwenyewe.

Jumapili, 23 Machi

Mama amerudi. Amewatazama wajukuu mmoja mmoja, akawashika mashavu, tukalia wote. Akanitazama mimi, akasema alidhani mimi ni mrefu, kumbe ni sauti tu. Tulicheka. Ningeomba siku iishie hapo.

Tukaenda zizini. Nikamvuta yule wa mnadani mbele. Mama akatabasamu. Akasema ni mzuri kuliko alivyomdhania. Mimi moyoni nilishajisamehe! Kisha akapiga magoti, akafumba macho yake mapya, akampapasa. Sikio. Paji la uso. Shingo. Mkono ukasimama.

"Huyu si wangu," akasema. "Mpole yuko wapi, mwanangu?"

Nimemwambia yote. Yurea, uji, mvua, duka. Ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, hakunikatiza. Nilitaka anigombeze, nipate pa kujishikia. Akauliza swali moja tu.

"Uso wake ulikuwaje?"

Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza haukuwa na kitu. Nimekaa naye siku zote hizo, nimempa chakula, nimempima mgongo. Uso sikuutazama. Shemeji ndiye aliyejibu, kutoka upande wake wa uzio. Alimwambia mama kwamba alikuwa na doa la kahawia juu ya jicho moja, na pua ya waridi, na akiitwa alikuwa anainamisha kichwa kidogo kabla ya kuja. Mama akasema asante, baba. Akabaki amefumba macho kwa muda, nadhani alikuwa anamwona. Mimi nilikwenda nyuma ya banda nikalia kwa sauti, sikujali nani anasikia.

Jumanne, 25 Machi

Kondoo wamehamishiwa kwa shemeji. Ni haki. Mwanakondoo peke yake amebaki kwangu, kwa kuwa amezoea mkono wangu na akipewa chupa na mwingine anagoma. Mama mwenyewe ameamua hivyo. Amenishika bega, akasema amenisamehe, nimpe maziwa tu, na nikimlisha niwe namtazama usoni. Nimeapa mbele ya mke wangu. Sijawahi kuapa hivi tangu harusi.

Leo nimemtazama usoni. Ana doa la mama yake. Nimemtazama sana, hadi nikaona mashavu yamebonyea. Amekonda. Wa shemeji wa umri wake wamempita kimo, wanaruka ruka makusudi karibu na uzio wangu.

Bwana mifugo amepita kumchanja. Katika mazungumzo amegusia kwamba yurea si njia peke yake, kwamba kuna watu wanakausha samadi ya kuku wanachanganya na pumba, na vijidudu vya tumboni vinaipokea vilevile. Alikuwa anaendelea kueleza jambo kuhusu umri, na magonjwa, na nani asipewe, ila mimi nilikuwa nimeshaanza kufikiria ni jirani gani ana banda la kuku. Na tazama, samadi ni kitu cha asili! Si mbolea ya dukani! Nimeuliza, jirani yetu mama fundi cherehani anayo magunia mawili, anashukuru kuondolewa.

Mama mkwe amepiga simu jioni kutoka kwake kumwulizia mwanakondoo. Nimemwambia anakunywa maziwa tu. Ni kweli kabisa, hadi kesho asubuhi.