Hedifoni za Kumnasa Mwalimu Melkizedeki

Jumapili, 6 Julai 2025

Aibu. Aibu tupu! Baada ya ibada Irine, binti wa kaka yangu, alitusikilizisha wimbo wetu wa mashindano aliourekodi kwa simu. Ubeti wa kwanza, sawa. Ubeti wa pili, mshtuko! Kuna sauti moja ya kiume inashuka, inashuka, kama mbuzi anayeteleza kwenye kingo za ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia. Watu thelathini tukatazamana. Ya nani? Hakuna aliyejua. Spika ya simu ilikuwa inalia kama nyuki ndani ya chupa.

Mimi ninajua. Ni Melkizedeki, mwalimu wetu wa kwaya. Anaimba huku anaongoza, kidevu juu. Ushahidi sina. Lakini mtu mwenye kidevu cha namna ile hawezi kukaa kwenye noti. Na akiondoka yeye, nani mwenye uzoefu wa kushika kwaya? Nani amesimama besi miaka ishirini na saba? Sitaji jina. Ni langu.

Nikasimama, nikatoa hoja. Kwanza, tununue hedifoni za maana na amplifaya, tusikilize sauti moja moja. Pili, atakayebainika asiimbe siku ya mashindano, tarehe ishirini kule Same, hata awe nani. "Hata awe nani" niliitamka mara mbili huku nikimtazama kidevuni. Mikono yote juu. Wa kwake ulitangulia! Mnafiki.

Mweka hazina wa kwaya ni mke wangu, Jenoveva. Akatangaza kiasi: laki mbili na nusu, nauli humo humo. Nikauliza kama pana kidogo cha dharura. Akasema mbele ya watu kwamba dharura yenyewe ndiyo mimi.

Benedikto, mwenyekiti wa kitongoji na jirani yangu kwenye besi, akakumbusha msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua ndiva. Asubuhi yoyote wiki hii. Baragumu likilia, kila kaya na jembe. Asiyefika, faini jogoo. Sikumsikiliza sana. Nilikuwa nawaza kidevu.

Jumanne, 8 Julai

Nimeshuka Same, dukani kwa Rabia anayeuza vifaa vya muziki. Kabla sijafika kaunta: "Shikamoo, mzee." Mzee! Nina miaka hamsini na mbili! Nikaitikia marahaba kwa sauti ya kijana. Ikakwama kooni.

Nilikuwa nimejiandaa. Irine alinisomea kwenye mtandao kwamba hedifoni hupimwa kwa omu. Nikamwambia Rabia nataka zenye omu nyingi kadiri fedha itakavyoruhusu. Mia mbili na nusu zikipatikana, bora zaidi. Omu moja kwa kila shilingi elfu! Hesabu safi.

Rabia akanitazama kama daktari. Akasema omu si sukari, mzee, kwamba ukiongeza inanoga. Omu nyingi ni kama ng'ombe mkaidi: zinataka nguvu kubwa kuzivuta, na hiyo nguvu nayo inauzwa. Kwa fedha yangu nichukue za omu thelathini na mbili, za waya, zinazofunika sikio lote. Zisizo na waya niziache, humo ningelipia betri na mbwembwe.

Akanivisha. Mungu wangu! Dunia ilizimika. Pikipiki hakuna. Mpiga debe hakuna. Nikasikia kinanda, nikasikia kidole kikiacha kinanda, nikasikia mwimbaji akivuta pumzi. Nilishtuka hadi machozi yakanilenga. Nilikuwa sijawahi kusikia muziki. Nilikuwa nasikia habari zake tu.

Nilipozivua, watu wanne mlangoni wananikodolea macho. Rabia akasema nilikuwa naimba. Nikasema nilikuwa nawaza. Akasema basi nawaza kwa sauti, tena sauti yenyewe haijatulia. Vijana wa siku hizi! Masikio yameharibika.

Hedifoni, laki na thelathini baada ya kuvutana. Halafu akatoa amplifaya yake. Mshtuko mwingine! Kidude kama kipande cha sabuni. Elfu tisini! Akasema kwa hedifoni hicho kinatosha na kubaki. Nikamwuliza kama ananiona mtoto. Watu thelathini wachange, nirudi mlimani na sabuni? Melkizedeki angeninawia mikono.

Amplifaya ninaijua. Ina vishikio viwili na hubebwa na watu wawili. Nikamuaga Rabia kwa heshima zote. Akasema karibu tena, kwa namna ya mtu anayejua nitarudi.

Jumatano, 9 Julai

Hedaru. Kando ya barabara kuu, nyuma ya malori, nimempata Chande. Huyu ndiye mfanyabiashara! Kaniita "bosi". Ana amplifaya nyeusi, pana kama sanduku la bibi harusi, vifundo kumi na viwili vya kuzungusha, taa nyekundu tatu. Nikamwuliza ina omu ngapi. Akasema zote. Hilo ndilo jibu!

Bei, laki moja na kumi. Na kwa kuwa ameniona mtu wa watu, akaniongezea bure maikrofoni na honi. Honi hasa, ile ya bati yenye mdomo kama ua la boga, ya kufunga juu ya mnazi au msikiti au popote. Nikamwambia honi siihitaji, mimi ni mtu wa hedifoni. Akaapa kwamba amplifaya hii ukiiwasha bila honi inaungua. Nikachukua. Mtu akikuonya bure, humkatalii.

Zimebaki elfu kumi. Nauli za siku zote mbili elfu nane, na mzigo ukatozwa nauli yake kama mke wa pili. Kipande cha mwisho nimepanda kwa miguu, sanduku kichwani, honi begani. Watoto wamenifuata wakidhani ni mgombea udiwani.

Jenoveva ametazama sanduku. Ametazama honi. Kauliza hedifoni ziko wapi. Nimezitoa mfukoni. Akachukua daftari la hazina, akaandika. Kwa mke wangu, kalamu ni ngumi.

Alhamisi, 10 Julai

Siandiki vizuri. Mikono ina malengelenge. Nitaeleza kwa utaratibu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikwenda peke yangu chumba cha kwaya nyuma ya kanisa. Peke yangu, ili nimnase Melkizedeki kwa utulivu. Simu ya Irine yenye wimbo nikaichomeka. Honi nikaiunganisha, nisije nikaunguza mali ya kwaya, na kwa kuwa chumba ni kidogo nikaitoa mdomo dirishani, upande wa bondeni. Haikunisumbua hata kidogo. Redio yangu ya tangu ujana, ukichomeka hedifoni, spika inanyamaza. Kila mtu anajua hivyo.

Maikrofoni nayo nikaichomeka. Nilitaka niimbe pamoja na rekodi, sauti yangu iwe kipimo. Huwezi kupima ubao bila rula.

Nikavaa. Nikawasha. Kwanza ikasikika "vuuuuuuu", ndefu, nzito, ikatetemesha meza. Nikasema kwa furaha, "Besi hiyo!" Ikalia mara tatu.

Kisha wimbo. Jamani, utamu! Kila mtu alikuwa wazi kama karanga kwenye sinia. Nikaanza kuandika tathmini, na mimi nikiandika husema ninachoandika, mazoea ya ualimu wa watu wazima. Nanukuu daftari. Mama Mchungaji: sauti ya tatu juu, inakata kama mlango usiotiwa mafuta. Benedikto: anaimba kama anayesoma majina ya wadaiwa. Jenoveva: anaingia kabla ya zamu yake, kama nyumbani. Melkizedeki: kidevu kingi, pumzi kidogo. Halafu nikaimba ubeti wa pili wote, kwa moyo, macho nimefumba. Kuonyesha njia.

Nilipofumbua macho mlango ulikuwa wazi.

Watu! Watu na majembe! Thelathini, arobaini, wengine nyuma wanarukaruka ili waone. Midomo inacheza, sauti hakuna. Hedifoni za Rabia zinaziba kweli kweli. Mbele kabisa Benedikto, baragumu lake kwapani, hajalipuliza. Pembeni yake Mama Mchungaji, jembe begani. Nikadhani wamekuja kuniua. Nikafunua sikio moja, nikauliza, "Jamani, nini?" Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka dirishani, ikigonga mlima wa ng'ambo, ikirudi: "Jamani, jamani, nini, nini..."

Nilizima.

Walieleza kwa zamu, wakikatizana. Ile "vuuu" mara tatu walidhani ni baragumu la msaragambo. Watu wameacha uji jikoni. Wakakimbilia ndiva, ndiva haina mtu, ndipo mlima wote ukaanza kusikia tathmini. Bondeni zimesikika vizuri zaidi, kuna mtu amethibitisha kwa simu. Wawili wakataka majina yaandikwe, wanakwenda baraza la kata kwa kesi ya kukashifiwa. Sisi Wapare bwana! Mtu atauza ng'ombe ashinde kesi ya kuku. Mmoja ambaye sikumtaja kabisa naye alitaka kushitaki, kwa kurukwa.

Jenoveva aliegemea jembe. Alisubiri zamu yake. Mara ya kwanza.

Aliyeniokoa, na hilo linaniuma kuliko malengelenge, ni Melkizedeki. Alicheka! Akasema mambo ya kesi baadaye, chombo kimenunuliwa kwa kazi, kifanye kazi. Irine ndiye mwenye sikio, avae, amtaje anayeteleza, kama Mzee Elibariki, yaani mimi, alivyopendekeza mwenyewe. Hata awe nani. Alitamka mara mbili.

Irine akavaa, akafumba macho. Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili. Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Akazivua taratibu. Akaja mpaka mbele yangu, akapiga goti.

"Shikamoo, baba mdogo."

Tulikuwa tumeshaamkiana alfajiri alipoleta simu! Kwetu ukiamkiwa mara mbili asubuhi moja, ujue msiba uko nyuma ya mlango.

Nikasema marahaba. Akasema pole baba mdogo, ni wewe. Halafu, kwa kunifariji, akasema hata bila hedifoni, leo mlima mzima umesikia pale inapoteleza. Benedikto akadakia kwamba hata ng'ombe wake alikataa kukamuliwa.

Miaka ishirini na saba! Nilikaa chini juu ya honi. Kuna mtu alinishika bega, na nilipotazama alikuwa Mama Mchungaji, mwenye mlango usiotiwa mafuta. Akasema pole, mwanangu. Hapo ndipo nilipotaka kulia hasa.

Benedikto akasema basi, majembe yako hapa, watu wako hapa, ndiva iko kule. Twende. Nikapewa sehemu ya katikati, yenye tope la tangu mwaka juzi. Kesi zikafutwa moja moja kadiri nilivyozama.

Jumapili, 13 Julai

Hukumu imesomwa baada ya ibada. Siimbi mashindanoni. Nilisimama kutetea, nikaeleza kwamba huenda waya umepinda sauti njiani, kwamba omu thelathini na mbili ni chache kwa sauti pana kama yangu. Walinisikiliza kwa huruma. Huruma ya Wapare, ile wanayompa mtu ambaye kesi yake imekwisha.

Kisha Melkizedeki akainuka. Nikajiandaa kuzikwa. Akasema kwaya haiwezi kwenda Same bila Mzee Elibariki, kwa sababu hakuna mwingine anayejua kuwasha lile sanduku. Nitakaa mezani, hedifoni masikioni, nisimamie mitambo. Wakapiga makofi. Nimeshtuka. Kidevu kile, kwa pembeni, si kibaya sana.

Jenoveva amesema sanduku linabaki kwa matangazo ya msaragambo, na kile kipande cha sabuni cha Rabia tutakinunua mwakani, atakwenda yeye. Nikamwambia tathmini yangu juu yake ilikuwa ya kisanii. Akasema makande yapo jikoni, nijipakulie kisanii.

Jumamosi, 19 Julai

Kesho ndiyo kesho. Shati limepigwa pasi. Sanduku limefutwa vumbi, vifundo vyote kumi na viwili.

Jenoveva kaniapisha mbele ya Irine: nisiimbe kwenye kwaya. Nimeapa, mkono juu. Mimi si mtu wa kuvunja kiapo.

Lakini leo kwenye mazoezi, hedifoni masikioni, nimegundua jambo la kutisha. Bila mimi, besi imekuwa nyepesi. Imebaki mifupa. Wote wanasema imependeza, na hiyo ndiyo dalili kwamba hawasikii. Nimesikia mimi peke yangu, mwenye chombo. Je, nikae kimya kwaya ikizama?

Kiapo kilikuwa kuhusu kwenye kwaya. Kuhusu mezani hakuna aliyesema kitu. Maikrofoni ya Chande nimeifunga kwa kamba chini ya meza, karibu na goti. Nitaimba ubeti wa pili tu, kwa sauti ndogo sana, ya kuwashika mkono.

Honi lazima niifunge, sanduku lisije likaungua, kwa hiyo nimemwuliza fundi mmoja. Kasema haitalia, mradi nimechomeka hedifoni.