Kura ya Bastola na Chumba Changu cha Ramani

Jumatatu, 3 Machi

Bodi ya shule itapiga kura Jumatatu ijayo, saa moja jioni. Ama tuajiri polisi wa kukaa langoni, ama walimu wabebe bastola. Kasema mkuu wa shule, Bi. Villarreal, kwenye kikao cha asubuhi. Jimbo la Texas linataka mtu mwenye silaha katika kila shule, na mji wetu wa Cotter Springs una watu mia tisa, benki moja na hakuna kituo cha polisi. Kilicho karibu kiko maili kumi na tisa.

Kisha akaongeza, huku akifunga daftari, kwamba polisi akija atahitaji chumba kando ya lango. Chumba kando ya lango ni kimoja. Ni changu. Miaka kumi na tisa ya ramani! Tufe, kabati, kochi la mapumziko ya mchana.

Polisi anayetajwa ni Cody Pruett. Nilimfelisha jiografia mara mbili. Aliupitisha mto Misisipi katikati ya Misri.

Uamuzi: naunga mkono walimu wenye bastola. Bastola zenyewe siziwezi. Puto likipasuka naingia chini ya meza. Lakini chumba ni chumba.

Jumanne, 4 Machi

Sharti: wajitoleaji wasipungue watatu, la sivyo mpango wa walimu unakufa. Majina yanaandikwa kwenye bahasha. Ni siri ya kisheria, anayajua Bi. Villarreal na mkuu wa polisi wa wilaya tu. Hadi saa nne bahasha zilikuwa mbili. Nikaenda kutafuta ya tatu.

Kocha Hanley akanijibu kwamba ana filimbi, saa, chupa ya maji na vijana arobaini wasiosikia. Akaniuliza bastola aitie wapi, soksini?

Nikaenda kwa Bi. Wilma Dobbs wa darasa la kwanza. Nilimweleza habari za uzalendo. Alikuwa anafuta gundi kwenye kiti. Hakuacha kufuta.

“Orville, nina watoto ishirini na wawili. Tukifanya zoezi la kujificha, mkono mmoja unashika kitasa, wa pili unamziba Travis mdomo asilie. Hiyo bastola niishike kwa mkono upi?”

Nikamwambia swali zuri. Nikaona pia kwamba darasa lake lina kitasa kizuri kuliko changu.

Bahasha ya tatu nimeandika mwenyewe. Siri ni siri. Nitajitolea bila mtu kujua, mpango utapita, kisha nitajitoa bila mtu kujua. Mara nyingine najistaajabia.

Jumatano, 5 Machi

Saa sita na robo, kwenye foleni ya chakula, mpishi Bi. Earlene kanijazia sahani mchuzi wa soseji hadi ukamwagika. Kasema nile, mwanangu, Jumamosi kuna mafunzo na mikono inataka nguvu. Nikamuuliza mafunzo gani. Kasema yale ya siri.

Hadi saa nane kinyozi naye alikuwa anajua. Kanipigia simu kuuliza kama nitataka kukatwa kijeshi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimevaa koti kubwa siku mbili ili nionekane mtu mwenye jambo kiunoni. Nyuzi joto thelathini. Mwanafunzi mmoja kauliza kama ninaumwa. Bi. Villarreal kaniita ofisini na kunikumbusha, kwa sauti ya chini, kwamba mjitoleaji akijitangaza hadharani anafutwa kwenye orodha papo hapo. Nikamhakikishia kwamba mimi ni kaburi. Kasema kaburi halivai koti.

Jumamosi, 8 Machi

Mafunzo. Banda la maonyesho ya ng’ombe, saa mbili asubuhi. Bastola za kurusha rangi badala ya risasi, na picha za kadibodi za kimo cha mtu zinazochomoza nyuma ya marobota ya nyasi. Watatu kati ya kumi wameshika silaha. Saba ni watu wa kawaida. Unapewa sekunde mbili kuamua.

Cody Pruett alitakiwa kuwa msaidizi wa mkufunzi. Kafika saa tatu kasoro dakika kumi na saba. Kwenye njia panda alishika kaskazini badala ya kusini, akafika karibu na mpaka wa Oklahoma. Nimeandika dakika alizochelewa. Arobaini na tatu. Nitazitumia.

Matokeo yangu: wenye silaha, sikumpiga hata mmoja. Nimepiga saa ya ukutani. Nimempiga mara mbili mwanamke aliyebeba bakuli la makaroni. Mkufunzi kasema kuna faida mtu akifumbua macho.

Cody ndiye aliyenifuta rangi kwenye miwani. Hakucheka. Kasema, taratibu, kwamba hata yeye mara ya kwanza alikosa zote, na anaomba Mungu isije ikawa kweli kwa yeyote kati yetu. Huyu kijana ni mjanja. Anataka chumba.

Mwanamke wa makaroni nilimtambua nilipomsogelea. Ni picha ya Bi. Earlene. Wilaya ilimpiga picha hiyo mwaka jana, bila malipo.

Jumatatu, 10 Machi

Ukumbi umejaa. Wajumbe saba mezani, wazazi hadi mlangoni.

Nilisema wa kwanza. Nilieleza kwamba kutoka kituoni hadi hapa ni dakika kumi na nane kwa gari linalokwenda mbio, na kwa Afisa Pruett ongeza arobaini na tatu. Watu wakacheka. Wakamgeukia Cody. Kasimama, kofia mkononi.

“Ni kweli, Mwalimu. Nilipotea. Ndiyo maana naomba niwe ndani ya jengo, nisiwe na barabara ya kupotea.”

Wakampigia makofi! Mimi ndiye niliyeleta hoja.

Bi. Wilma naye akasimama. Hakutaja polisi wala walimu. Kasema yeyote atakayechaguliwa, ajue majina ya watoto wake ishirini na wawili kabla ya kujua jambo lingine.

Hata hivyo hesabu ilikuwa upande wangu. Wajumbe wanne walikwisha kusema walimu. Nikaanza kupanga nitakapoliweka kochi jipya.

Ndipo Bi. Villarreal akasoma kanuni ya mwisho. Bastola za walimu zitakaa kwenye kasha la chuma, ndani ya chumba kisicho na dirisha, chenye mlango mmoja, kando ya lango kuu.

Sijui nilisimamaje. Nilijikuta kwenye kipaza sauti nikipinga mpango wangu. Nikawaambia walimu hawafai. Wakauliza ninajuaje. Nikasema mimi ni mmoja wa wale watatu, na Jumamosi nilimpiga Bi. Earlene mara mbili.

Bi. Earlene, safu ya nne, kasema amesamehe.

Mwenyekiti akageuza karatasi. Mjitoleaji amejitangaza, amefutwa. Wamebaki wawili. Mpango wa walimu umekufa. Kura imeahirishwa hadi Alhamisi, 27 Machi, ili mwenye pendekezo lingine alilete.

Nimeshinda, nadhani.

Jumanne, 11 Machi

Saa mbili asubuhi Bi. Villarreal katangaza kwamba hadi tarehe 27 Afisa Pruett atakaa langoni kwa muda. Katika chumba cha ramani.

Ramani zimehamia stoo ya jikoni, kati ya maharage na unga wa mahindi. Cody kabeba kochi peke yake. Kaomba nimwachie ramani moja ukutani, ya wilaya, ajifunze barabara. Kisha kaomba orodha ya majina ya darasa la kwanza. Nilipopita mchana alikuwa anayasoma kwa sauti, kidole kwenye mstari. Alikwama kwa Travis, akarudia.

Nimemwachia ramani. Ni kwa muda tu. Maana nimepata njia.

Mbwa! Mbwa mlinzi hahitaji chumba. Hulala nje. Nimempigia simu mfugaji mmoja wa mbwa, na Bi. Villarreal amekubali tuone onyesho. Mbwa siwapendi, hunifanya nipige chafya na kukimbia. Lakini anatakiwa mtu wa kuvaa mkono wa sponji na kung’atwa, na hapakuwa na jina. Nimeandika langu kwenye bahasha. Kwa siri.

Bi. Earlene amenitengea bandeji. Onyesho ni Alhamisi, 13 Machi, saa tatu asubuhi, uwanja wa mpira.